Nusu Inchi Iliyobaki Godauni

Jumatatu, 2 Machi 1953. Nshamba.

Nimedhulumiwa. Leo barazani Sajini kutoka Bukoba amepima vijana wanaotaka uaskari polisi. Kinatakiwa kimo cha futi tano na inchi sita. Mimi, Mwijage: futi tano, inchi tano na nusu. Nikamwomba apime tena. Akapima tena. Nusu ileile. Nikamweleza kwamba najua kusoma, kuandika, na kujumlisha magunia kwa kichwa tu, bila kalamu. Sajini akasema ubao wake haupimi mambo hayo.

Rutashobya jirani yangu amepita. Sita kamili, wala si unywele zaidi, na unywele wenyewe aliuchana kwenda juu. Mtu ambaye hajui saba mara nane. Jioni hii amepita mbele ya nyumba yangu akienda na kurudi, na kila akifika penye migomba yangu anainama, kana kwamba majani yatamgonga. Majani yenyewe yako futi nane kutoka chini.

Tumaini lipo. Jumamosi ya tarehe 14 Inspekta mwenyewe atapima watu upya huko Bukoba, waliopita na waliokosa kwa chini ya inchi moja. Kwa hiyo hesabu haijafungwa. Lakini hii ndiyo nafasi yangu ya mwisho. Hawachukui mtu aliyetimiza miaka ishirini na mitano, na mimi naitimiza Juni. Nikikosa, nitabeba magunia ya tajiri wangu Umedbhai mpaka nizikwe.

Nimemwambia dada yangu Kokugonza kwamba natafuta nusu inchi. Akasema marehemu baba yetu aliitafuta miaka sitini.

Jumanne, 3 Machi

Asubuhi zahanati, kwa Ta Lameki, mzee wetu dresa anayefunga vidonda. Nimeomba dawa ya kurefuka. Amecheka mpaka mgonjwa aliyekuwa akifungwa bendeji akaanza kucheka naye. Mgonjwa mwenyewe amevunjika mkono.

Alipomaliza kucheka alinionyesha picha ukutani: mtu aliyevuliwa ngozi na nyama, amebaki uti wa mgongo. Sikujua. Nilidhani mgongo ni mfupa mmoja, kama mpini wa jembe. Kumbe ni pingili, moja juu ya nyingine, kama muwa. Saba za shingo. Kumi na mbili za kifuani, kila moja imeshika mbavu zake mbili. Tano za kiunoni, nene, maana ndizo zinazobeba wote walio juu. Kisha tano zilizoshikana zikawa mfupa mmoja, na mwisho vidogo vinne vya kifandugu, pale mkia ulipokataa kuota. Jumla thelathini na tatu. Nilijumlisha kabla Lameki hajataja. Akasema huo si ujanja, imeandikwa chini ya picha.

Pingili ya kwanza kabisa ni pete tu, haina mwili kama wenzake. Kichwa kimekaa juu yake, na hapo ndipo tunapoitikia. Ya pili ina kijiti kilichosimama ndani ya hiyo pete. Tukikataa, kichwa kinazunguka hapo. Lameki anasema Wazungu wameipa ile ya kwanza jina la jitu la hadithi zao za zamani, ambalo kazi yake ni kubeba mbingu. Nikamwonea huruma. Mchukuzi mwenzangu, na gunia lake halishuki.

Sasa jambo kubwa. Kati ya pingili na pingili kuna mto mdogo, laini. Kuanzia chini ya ile ya pili mpaka juu ya ule mfupa ulioshikana, mito ishirini na mitatu. Mchana inabanwa na uzito wa mtu. Mtu akilala, inavimba tena. Lameki anasema kila binadamu anaamka mrefu na kulala mfupi, na tofauti inaweza kufika nusu inchi, hata kuzidi.

Nusu inchi!

Nikamuuliza: na mtu aliyebeba magunia ya kahawa kichwani miaka tisa? Lameki akaniangalia, akasema ndiyo maana mnalalamika viuno. Basi nimempata mwizi.

Jumatano, 4 Machi

Nimeamka, nimesimama kwenye fremu ya mlango, Kokugonza akaweka alama ya mkaa. Futi tano, inchi sita na robo. Jioni baada ya kazi, alama ya pili: tano na nusu, kama ya Sajini. Ushahidi uko mlangoni, mtu yeyote aje atazame. Kokugonza ameuliza nani atapaka chokaa.

Nimemwendea Umedbhai dukani, nikamweleza kwa heshima kwamba kimo changu kimebaki godauni mwake. Alikuwa kwenye kiti chake nyuma ya meza, pale anapokaa tangu kabla sijazaliwa. Akaniuliza kimo hicho kimeingia gunia la ngapi, ili lirudishwe kutoka Mombasa. Mke wake, Kantaben, alicheka nyuma ya pazia. Umedbhai akasema na yeye kiuno chake kimekwisha kwa kukaa, je, aende kudai kwa nani, kwa wateja?

Sikukubali. Nimesimama pale mpaka wateja wakaanza kuuliza kuna nini. Mwishowe akasema: mwanangu Jagdish anapeleka lori la kahawa Bukoba asubuhi ya tarehe 14, panda bure, nenda kachukue nusu inchi yako na usirudi kunisumbua. Nimepokea hayo kama malipo ya awali.

Ijumaa, 6 Machi

Mpango wa kwanza. Kama mito imebanwa, ivutwe. Godauni kuna kulabu ya mizani, imara, inabeba gunia zima. Wenzangu walipokwenda kula nilijining'iniza kwa mikono, jiwe la kupimia limefungwa miguuni. Nilihisi pingili zinaachana, moja baada ya nyingine, kuanzia chini.

Rutashobya akaingia. Alileta kahawa ya mama yake kupimwa. Akatazama mizani, akasoma kwa sauti uzito wangu pamoja na jiwe, akauliza ni daraja gani, la kwanza au takataka. Sikuweza kushuka bila msaada. Alinisaidia baada ya kuwaita watu wengine waje kusoma na wao.

Jioni kipimo mlangoni: tano na nusu. Lakini mikono ya shati imekuwa mifupi. Kokugonza anasema nimefaulu kurefusha mikono, sasa nitamkamata mwizi bila kutoka kituoni.

Lameki amekasirika. Amesema nimevuta mabega, si mgongo. Mito inakunywa maji mtu akiwa amelala, kama maharage yaliyolowekwa. Nani aliwahi kuvuta harage ili livimbe? Kwa hiyo dawa ni moja, kulala chali. Na akaniongezea jambo baya: faida ya usingizi inaanza kupotea mtu akisimama tu, na saa ya kwanza ndiyo inayokula sehemu kubwa. Kutoka hapa hadi Bukoba ni maili arobaini na ushee. Lori linarusha watu kama mahindi kwenye ungo. Nikikaa kwenye lori, nafika Bukoba nikiwa na kimo cha Jumatatu.

Jumapili, 8 Machi

Baada ya misa, karamu ya ubatizo kwa mzee Ndyamukama. Mbuzi. Walipogawa nyama niliomba shingo na mgongo, vyote. Watu wakatazamana. Mzee Ndyamukama akasema nipewe, kijana ana huzuni ya kimo.

Nimekula kwa utaratibu, nikipanga pingili kwenye jani la mgomba. Shingo: saba. Sawasawa na yangu, ingawa shingo ya mbuzi ni ndefu kuliko yangu. Nikafurahi. Ile pete ipo, na yenye kijiti ipo, nikawaonyesha waliokaa karibu jinsi mbuzi anavyokataa. Kifuani: kumi na tatu. Nikahesabu tena. Kumi na tatu. Kiunoni: sita. Yaani hata mbuzi amenizidi pingili mbili, na hafiki kiunoni pangu.

Nikainuka na mifupa yangu hadi kwa Lameki, aliyekuwa upande wa pili na kibuyu chake cha rubisi, pombe yetu ya ndizi, nikamwambia picha yake ina makosa au mimi nimepunjwa. Akasema mbuzi ni mbuzi. Nikamuuliza kama Wahaya wamewahi kuhesabiwa, au picha ni ya Mzungu mmoja tu. Rutashobya akasema labda wengine tunazo zote na Mwijage peke yake ndiye aliyepungukiwa. Watu walicheka sana. Sikucheka. Nilibeba shingo nyumbani, kwa kumbukumbu.

Jumanne, 10 Machi

Nimeomba ruhusa ya kazi mpaka Jumamosi. Umedbhai amesema nikawe mrefu kwa amani. Sasa nalala chali, mchana kutwa, mkeka juu ya ubao. Naamka kula na kwenda chooni tu, kwa haraka.

Majirani wanakuja kunipa pole. Kokugonza anawaambia siumwi, nalowekwa. Hawaelewi, wanaacha ndizi, wanaondoka na nyuso za huruma. Ndizi zimejaa jikoni. Sikutazamia faida hii.

Kutoka dirishani namwona Rutashobya akifanya mazoezi ya kutembea kiaskari. Anapiga miguu chini kwa nguvu, mara mia, kisha mara mia tena. Kila pigo linapanda mpaka pingili ya kwanza. Endelea, ndugu yangu.

Ijumaa, 13 Machi

Rutashobya ameondoka leo kwa baiskeli, sanduku kichwani, maana karia imevunjika. Ametaka awahi na alale Bukoba kama mtu mzima. Amenipungia mkono nikiwa nimelala. Nimemtakia barabara mbaya, kimoyomoyo. Mvua imenyesha tangu juzi, kwa hiyo sikuhitaji kutaka sana.

Mpango wangu umekamilika. Kesho nitapanda lorini nikiwa bado sijasimama sawasawa, nitalala juu ya magunia, mkeka chini, majani mabichi ya mgomba juu ya mkeka ili nisichomwe na kahawa. Blanketi letu ni moja na Kokugonza hatoi. Nimechukua lubugo ya babu kutoka darini, ile nguo ya gome la mti. Nzito, pana, haipitishi vumbi. Nitajifunga kuanzia miguuni hadi kidevuni ili nisiteleze.

Kokugonza ameitazama lubugo, akauliza kama najua babu aliiweka kwa ajili gani. Nikamwambia najua, ya kuzikiwa, lakini wakamzika na shuka, kwa hiyo ni mpya kabisa.

Jumamosi, 14 Machi. Bukoba, Bilele.

Niandike kwa mpangilio. Naandika nimelala.

Tulitoka Nshamba kunakucha. Jagdish alishika usukani kwa upole, nilimsikia akipunguza mwendo penye mashimo. Juu yalikuwa magunia, mimi, na wachukuzi wawili wakining'ang'ania nisianguke. Mvua ilipoanza walivua kofia wakazificha ndani ya shati zisiharibike. Hapo sikuona kosa lolote.

Muleba ilikuwa siku ya gulio. Lori likasimama kutia maji kwenye rejeta. Nikasikia kelele za soko zinapungua, zinapungua, kisha kimya. Nikafumbua jicho moja. Watu wameshusha mizigo chini. Wanaume wamevua kofia. Ndipo nilipojiona kama wao walivyoniona: mtu kwenye majani ya mgomba, amefungwa lubugo, wawili wameketi kando yake vichwa wazi.

Mwanamke mmoja akaanza kulia. Wakafuata wengine. Na katikati ya sauti zote nikaitambua moja: Shangazi Joviana wa Kishanda, dada wa baba, amekuja sokoni kuuza maharage. Alikuwa ameniona uso. Alilia kwa jina langu na la baba, akataja wema wangu, mwingine sikuwa nimeufanya.

Hapa nilipima. Nikiketi, watu watatulia, lakini pingili za kiunoni ndizo hubanwa zaidi mtu akikaa, Lameki alisema. Nikibaki, Shangazi ataumia. Nikaona njia ya kati. Shangazi alipopanda gurudumu na kuinama kunigusa paji la uso, nilimwambia polepole, bila kuinua kichwa, kwamba mimi mzima, asijali, nakuza pingili.

Shangazi alishuka bila kugusa gurudumu. Soko likakimbia. Maharage yalibaki barabarani. Jagdish naye alitia moto gari kabla mfuniko wa rejeta haujafungwa, akisema kwamba baba yake hakumwambia habari za namna hii.

Tulipofika Bukoba, Jagdish alikataa kunifikisha uwanja wa polisi. Alinishusha hapa Bilele, stoo ya Prabhudas, ndugu wa Umedbhai. Nikabaki nimelala barazani. Nikawaita wachukuzi wa Prabhudas, nikawaambia mimi mwenzao, nataka kuacha mizigo, wanisaidie niwe mzigo mara moja tu. Walielewa haraka kuliko watu wote niliowaeleza. Wanne wakaniinua kwa machela. Nimewaahidi kwamba siku nikiwakuta wana kosa dogo, sitakuwa nimeona.

Uwanjani Inspekta aliinua mkono akatuonyesha njia ya hospitali. Wachukuzi wakasema huyu amekuja kupimwa kimo. Inspekta akauliza cha jeneza? Ndipo nikateremka na kujitambulisha. Kijana mmoja kwenye foleni akaondoka moja kwa moja, hakurudi, foleni ikapungua mtu mmoja mbele yangu.

Foleni bado ilikuwa ndefu. Nikalala kwenye nyasi. Walipopiga hatua nilisogea kwa visigino, chali. Sajini yule wa Nshamba alinitambua, akamnong'oneza Inspekta. Inspekta akaja akasimama juu yangu akauliza kwa Kiswahili chake nina ugonjwa gani. Nikamweleza kwa ufupi: pingili thelathini na tatu, mito ishirini na mitatu, miaka tisa ya magunia. Akasema katika kazi yake amepata visingizio vingi vya waliochelewa, lakini hajawahi kumpata mtu aliyewahi akiwa amelala.

Rutashobya alikuwa mbele. Baiskeli, mashimo, sanduku kichwani, mazoezi ya kupiga miguu. Akasimama ubaoni. Futi tano, inchi tano na robo tatu. Akachana nywele juu, Sajini akazilaza. Robo tatu. Akaenda kukaa kwenye sanduku lake. Sikumcheka. Nilimwonea huruma, kama robo hivi.

Jina langu likaitwa. Niliinuka polepole, nikakanyaga ubao, nikashika pumzi, nikatazama mbele ili ile pete isiiname. Sajini akashusha kijiti. Akatazama. Akamwita Inspekta. Inspekta akatazama.

Futi tano, inchi sita na robo.

Wachukuzi wa Prabhudas walishangilia mpaka wakafukuzwa.

Jumatatu, 16 Machi. Nshamba.

Nimerudi, nimekuta msiba wangu.

Habari zilitoka Muleba kabla lori halijafika Bukoba. Kokugonza anasema aliwaambia watu tangu saa ya kwanza kwamba niko hai, lakini moto wa matanga ulikuwa umeshawashwa, na waliotoka mbali hawakutaka kuambiwa warudi. Wengine walisema dada amechanganyikiwa kwa huzuni. Ndizi zote za pole zimeliwa. Katekista aliniombea jana. Nimemwomba asiyaondoe maombi hayo, yatanifaa baadaye.

Nimetaka kujua nani alilia na nani hakulia. Umedbhai alituma sukari. Kantaben alikuja mwenyewe, akasema ile nusu inchi wangenipa tu. Na mzee Ndyamukama alisimama mbele ya watu wote akasema amempoteza kijana mwerevu, mchapakazi, mrefu.

Mrefu. Mbele ya mashahidi. Nimemwomba Kokugonza arudie. Akarudia, kisha akasema nimlipe blanketi, maana waombolezaji wameondoka nalo.

Shangazi Joviana haongei nami. Amemtuma mtu aseme nikifa kweli, nimjulishe kwa maandishi.

Alhamisi, 19 Machi

Barua imefika. Kuripoti Moshi mwezi ujao: meli, treni, basi. Sare nitapewa. Nimeisoma kwa sauti barabarani, mara kadhaa, kwa ajili ya wasiojua kusoma na wanaojua.

Mstari wa mwisho unasema wote watapimwa kimo tena siku ya kufika.

Sikutishika. Jioni Rutashobya alikuja, mpole, akaketi mlangoni chini ya alama zangu za mkaa. Yeye bado ni kijana, ana miaka miwili ya kujaribu. Akaniomba siri. Nilikuwa na mashaka, lakini jirani ni jirani. Nimemwambia nitamfundisha yote, pingili na mito, na malipo ni madogo tu: anibebee sanduku langu kichwani mpaka gati la Bukoba. Tena nimeongeza ndani ile shingo ya mbuzi na mawe mawili ya kunolea. Akakubali, akashukuru. Somo nitampa gatini, tukishafika.

Mengine nimeyapanga. Prabhudas atanipatia ubao wa kulalia melini. Lubugo nimeianika juani, iko tayari, haina kosa lolote, kosa lilikuwa kwa watu wa Muleba. Nimeona palipovuja: nilijifunika mpaka kidevuni tu, na Shangazi akanitambua.

Safari hii nitafunika na uso.